Taa yenye akili ni ile inayojua kujizima

Hivi kwa nini Mbongo akishapata hela na kumaliza kujenga, kitu cha kwanza anachogombana nacho ni giza? Geti linapata taa mbili, ukuta unapata nane, kila kona inapata ile taa kubwa ya kumulika kama uwanja wa mpira, na zote zinawaka kuanzia magharibi mpaka jua linachomoza. Siku hizi imeongezeka na hii ya nyumba janja: balbu zinazotii simu, swichi zinazoongea na intaneti, programu ya kukuwashia taa za nyumba yako ya Karatu wakati wewe mwenyewe umekwama kwenye foleni Mwenge. Uliza vyote hivyo vinafanya kazi gani usiku. Jibu ni lile lile: vinawasha.

Mimi nasema tumeanzia mwisho. Kuwasha taa hakuhitaji akili, mtoto wa miaka mitatu anaweza, mpandishe tu kwenye kiti. Kazi ngumu ni kujua wakati wa kuzima. Nyumba inayoweza kuwasha taa 20 kwa kugusa simu, lakini haijui kuzima hata moja pale isipohitajika, ujanja wake uko wapi?

Nimeitaja Karatu makusudi. Karatu si Sinza jamani. Ukishapanda ule mlima wa kutoka Mto wa Mbu, ukaiacha Rhotia nyuma, unaingia mji wenye baridi, mashamba ya kahawa na ngano, magari ya watalii yanayojaza mafuta, halafu mbele kidogo ni geti la Lodoare na msitu wa Ngorongoro. Huko ndani ni eneo lililotengwa tangu 1959 ili watu, mifugo na wanyamapori waishi pamoja, na mwaka 1979 UNESCO wakaliingiza kwenye orodha ya urithi wa dunia. Kreta yenyewe ina upana wa kilomita 19 hivi na kina cha mita 600, na jioni ikifika magari yote ya watalii yanapaswa kupanda kutoka chini. Usiku kreta inabaki na wenyewe.

Kwa hiyo giza la huku ni mali. Mgeni anayelala ukingoni mwa kreta amelipia simba, ni kweli, lakini muulize asubuhi amesimulia nini kwao. Nyota! Kwao hazionekani. Na huyo mgeni anapolala Karatu, kwenye hizi nyumba za wageni zinazoota kila mwezi kama uyoga, tunamwekea taa nyeupe ya kumulika dirishani, halafu tunashangaa kwa nini anauliza kama kuna pazia zito zaidi.

Hapa najua kuna mtu anasema: "Kaka, na wezi je?" Swali zuri. Tuanze na wezi wakubwa kuliko wote, wenye manyoya.

Ng'ambo ya mpaka wetu, Kitengela nchini Kenya, jirani kabisa na Hifadhi ya Taifa ya Nairobi, kulikuwa na kijana mdogo wa Kimaasai anaitwa Richard Turere. Kazi yake ilikuwa kulinda ng'ombe wa baba yake, na simba walikuwa wanakula ng'ombe hao usiku. Alijaribu moto, akaona moto unawasaidia simba kuona ndani ya zizi. Akajaribu sanamu la mtu. Siku ya kwanza simba wakaogopa, siku ya pili wakagundua kitu chenyewe hakijongei, wakaingia. Halafu usiku mmoja akawa anazunguka zizi na tochi mkononi, na simba hawakuja. Hapo ndipo akaelewa kwamba simba anaogopa mwanga unaotembea, kwa sababu mwanga unaotembea maana yake kuna mtu yuko macho. Akachukua betri kuukuu ya gari, paneli ya sola, kile kifaa cha indiketa ya pikipiki na balbu za tochi mbovu, akatengeneza taa zinazowaka na kuzima kwa zamu kuzunguka zizi. Yeye akaenda kulala, taa zikatembea badala yake. Mwaka 2013 alisimama kwenye jukwaa la TED kule Marekani akiwaeleza watu wazima jambo hilo, na wakati huo alikuwa bado mtoto wa shule.

Soma tena hapo. Ule ndio mfumo wa taa za usiku zinazojiendesha zenyewe, umebuniwa kwenye boma la Kimaasai, bila intaneti, bila programu ya simu, bila mtaalamu kutoka Dubai. Na siri yake nzima iko kwenye kuzima. Zile taa zingewaka moja kwa moja mpaka asubuhi, simba wangezizoea kama walivyolizoea sanamu.

Sasa mwizi wa Karatu ana akili kidogo kuliko simba? Taa isiyozimika haimwambii chochote. Inawaka ukiwepo, inawaka ukiwa Dar, inawaka ukiwa umekufa. Inachofanya ni kumsaidia kuona komeo lilipo. Lakini taa iliyokuwa imezimika, halafu ikawaka ghafla pale anapokanyaga mchanga wa uani, hiyo inamwambia ameonekana. Hajui kama ni mashine au ni baba mwenye nyumba. Na mlinzi wako, na jirani yako, nao wameambiwa kitu, kwa sababu kilichobadilika ndicho jicho linachokiona.

Mlinzi naye tumfikirie kidogo, maana tunamsahau. Jicho la binadamu linahitaji kama dakika 20 mpaka 30 kulizoea giza vizuri. Ukimweka mlinzi chini ya taa kubwa nyeupe, umemfanya kipofu wa kila kitu kilicho nje ya duara la mwanga. Yeye haoni nje, aliye nje anamwona yeye, anaona mpaka kama amesinzia. Halafu tunasema tumeimarisha ulinzi!

Wenyeji wa huku walilijua hili kabla ya umeme. Zamani Wairaqw walikuwa wanachimba nyumba ubavuni mwa mlima, paa likilingana na ardhi, ili wavamizi wapite bila kuziona. Sisi wajukuu wa leo tunajenga ukuta, halafu tunaumulika ili hata aliyeko Rhotia ajue kuna kitu cha kuiba.

Nina mshikaji wangu amejenga nje kidogo ya mji wa Karatu, nyumba nzuri, mtandao wa waifai kila chumba, taa za nje sita zinazotii simu. Jioni moja tumekaa kibarazani akaja mzee jirani yake. Tukamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akakaa. Baada ya habari za mvua na bei ya vitunguu akasema taratibu:

"Mwanangu, ile taa yako ya kona inalinda nini?"

"Inalinda nyumba, mzee wangu."

"Mbona inamulika kwangu?"

Mshikaji akacheka, mzee hakucheka. Akaeleza kwamba mama watoto ametundika kitenge dirishani na bado chumba ni mchana, na jogoo wake siku hizi anawika saa 8 usiku. Akamaliza hivi: "Sisemi uzime. Nasema igeuze uso." Nikaona mzee huyu ametoa somo la kwanza la taa za usiku ambalo halipo kwenye karatasi ya maelekezo ya taa yoyote: elekeza taa chini, iangaze pale miguu inapokanyaga, iwe na kofia juu yake. Mwanga unaokwenda kwa jirani au angani umeulipia na haujakufanyia kazi.

Haya, tuje kwenye ufundi wenyewe, maana sitaki mseme nimekuja na mahubiri matupu.

Kwanza, saa ya kuwasha. Programu nyingi za nyumba janja zimetengenezwa na watu wa nchi ambazo jua lao lina vituko. London mwezi Desemba jua linazama kabla ya saa 10 alasiri, na mwezi Juni linazama baada ya saa 3 usiku. Mtu wa huko anahitaji kompyuta imkumbushe leo jua linazama saa ngapi. Sisi tuko nyuzi tatu na kidogo kusini mwa ikweta. Karatu jua linazama kati ya saa 12 na nusu jioni na saa 1 kasoro dakika chache, mwaka mzima! Tofauti yote ni nusu saa hivi. Ndiyo maana hata saa yetu ya Kiswahili inaanza kuhesabu usiku pale giza linapoingia, saa 1 ni saa 1 ya usiku kweli. Maana yake ni kwamba kwa taa ya getini huhitaji seva iliyoko Marekani. Fotoseli, kale kakifaa kanakohisi mwanga, kanatosha kabisa. Ukiwa ukingoni mwa kreta kwenye ukungu mzito, kanaweza kudhani mchana ni jioni, basi huko weka kipima saa cha kawaida, na kipime saa ya kuzima pia, tuseme saa 4 usiku wageni wakishaingia.

Ila muangalie fundi wako anaposeti hicho kipima saa. Kwa mshikaji wangu huyo huyo fundi alitaka taa ziwake saa 1 usiku na zizimike saa 12 asubuhi, akaandika 1:00 na 12:00. Mashine haijui Kiswahili. Taa zikawa zinawaka saa 7 usiku na kuzimika saa 6 mchana, na wiki nzima majirani wanadhani jamaa ana msiba. Andika 19:00 na 06:00, mambo yaishe.

Pili, sensa ya mwendo. Hii inahisi joto la mwili linalotembea mbele yake. Ifunge juu kidogo ya kimo cha mtu mrefu, isiangalie ukuta unaochomwa na jua wala mti unaoyumba, na uipe dakika moja au mbili za kuwasha, basi. Mbwa watakusumbua mwanzoni, punguza ukali wake. Hesabu yake nimeipiga hivi: taa nne za wati 50 zikiwaka saa 12 kila usiku zinakula uniti 2.4 kwa usiku mmoja, yaani uniti 72 kwa mwezi. Kikomo cha kundi la wateja wadogo wa TANESCO ni uniti 75 kwa mwezi. Umeshamaliza karibu uniti zote kumulika ukuta, hujapiga pasi wala hujawasha friji. Zikiwa na sensa, na kila moja ikawaka jumla ya nusu saa kwa usiku, ni uniti 3 kwa mwezi, ongeza kidogo cha sensa yenyewe. Sihitaji kuendelea.

Tatu, umeme ukikatika. Hili ndilo linalowaumbua wengi. Balbu nyingi za nyumba janja, umeme ukikatika na kurudi, zinarudi zikiwa zimewaka, tena kwa mwanga wote. Fikiria umeme umerudi saa 8 usiku na nyumba nzima inalipuka mwanga, vyumba vya watoto, vya wageni, vyote. Kwenye programu nyingi kuna mahali pa kuchagua balbu ifanye nini umeme ukirudi. Chagua ibaki ilivyokuwa kabla, au ibaki imezimika. Ni dakika mbili, na watu hawaifanyi mpaka siku wamerushwa kitandani.

Nne, usikabidhi usiku wako kwa kampuni ya mbali. Mwaka 2016 kifaa kinaitwa Revolv, ambacho kilikuwa kimenunuliwa na kampuni ya Nest, kilizimiwa seva na wenyewe, wateja wakabaki na kiboksi cha mapambo. Mwaka 2022 kampuni ya Insteon ilizima seva zake ghafla na watu wakaamka taa zao hazisikii tena simu. Hao wako Marekani, kwenye intaneti ya uhakika. Wewe uko Karatu ambako mvua ikinyesha mtandao nao unajikunyata, halafu unataka swichi ya choo ipitie bara lingine? Kama lazima uwe na ubongo wa nyumba, uweke ndani ya nyumba. Programu ya Home Assistant ni ya bure, inakaa kwenye kompyuta ndogo kama Raspberry Pi, na taa zinaendelea kutii hata intaneti ikifa. Na swichi ya ukutani ibaki ikifanya kazi, kwa sababu bibi akija kukutembelea hatapakua programu ili aende kujisaidia.

Tano, rangi. Kwenye boksi la balbu kuna namba yenye herufi K. Dukani wanakujazia 6500K, nyeupe ya kibuluu, eti ndiyo inang'aa. Ile inavuta wadudu zaidi na inaudanganya mwili kwamba bado ni mchana, usingizi unachelewa. Usiku tafuta 2700K au 3000K, njano ya joto. Wale mliolelewa na taa ya chemli mnakumbuka watu wakitaka kulala mama alikuwa anashusha utambi, mwanga unakuwa mdogo na mwekundu. Leo hicho ndicho kinachouzwa kama maajabu ya nyumba janja. Mama alikuwa nacho.

Najua wadudu hawana mtetezi, lakini mnijalie sentensi chache. Yule mdudu mweusi anayeviringisha mavi ya wanyama, ambaye huku tumejaliwa naye tele, mwaka 2013 watafiti wa Sweden na Afrika Kusini walionyesha kwamba usiku usio na mwezi anashika njia iliyonyooka kwa kuangalia ule utepe mweupe wa nyota, Njia ya Maziwa. Mwaka 2021 ukatoka utafiti mwingine unaoonyesha kwamba taa za watu zinamvuruga. Mdudu mdogo hivyo, na anategemea anga ambalo sisi tunalifuta kwa taa ya ukuta ambayo hakuna mtu anayeiangalia.

Sasa hoja nzito kuliko zote, na hii siikwepi. Mtu atasema: "Wewe unahubiri kuzima taa, wakati ndani ya Ngorongoro kuna maboma yasiyo na hata moja. Mtoto anasomea koroboi, wewe unazungumzia nyota!" Ni kweli kabisa, na inaniuma. Lakini angalia hoja yenyewe inaelekea wapi. Mtoto wa bomani anahitaji taa moja juu ya daftari. Mama yake anahitaji taa kwenye njia ya choo, iwake anapopita, asikanyage nyoka wala asikutane na fisi uso kwa uso. Ng'ombe wanahitaji taa za Turere. Hakuna hata mmoja kati yao aliyeomba ukuta umulikwe usiku kucha. Tatizo letu ni kwamba mwanga umerundikwa pale usipohitajika na haupo pale unapohitajika, na mtu anayeshindwa kuliona hilo kwenye nyumba yake mwenyewe hawezi kuliona kwenye wilaya.

Kwa hiyo wewe unayejenga Karatu, au unayefungua nyumba ya wageni njia ya kwenda geti la Lodoare, kabla hujanunua boksi lolote la nyumba janja naomba ufanye kitu kimoja. Usiku mmoja zima kila kitu. Kaa nje nusu saa, jicho lizoee. Halafu tembea: geti, ngazi, njia ya choo, banda, mlango wa jikoni. Pale ulipojikwaa au ulipoogopa, weka alama kwa chaki. Asubuhi hesabu alama zako. Mimi nakadiria hazitazidi tano. Hizo ndizo taa unazohitaji, zote zielekee chini, zote zijue kujizima.

Kama kuna mwenye hesabu tofauti, au mlinzi aliyekesha chini ya taa hizi miaka mingi na anaona nimekosea, karibu sana tubishane.